Kupima ushawishi wa mtafiti wa malaria kwa kuhesabu waliomrejelea: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila mwaka, msimu wa maombi ya kupandishwa vyeo unapokaribia, meza yangu ya maktaba hapa Moshi hupata wageni wa aina moja. Mhadhiri huingia, hunipa shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba hunieleza kwamba kamati inataka fahirisi yake ya h, yaani namba moja inayoonyesha ana makala ngapi na zimerejelewa kiasi gani, na kwamba atashukuru sana, Mama, kama itapatikana kabla ya saa nane mchana. Namba hiyo naweza kumtolea kwa nusu dakika. Namba ambayo ataweza kuitetea mbele ya kamati, akiulizwa imetoka wapi na imehesabu nini, hunichukua siku mbili za kazi, na sehemu kubwa ya siku hizo haiendi kwenye hesabu bali kwenye jina lake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetakiwa kuandaa hesabu hiyo, awe mkutubi, ofisa wa utafiti, mjumbe wa kamati au mtafiti mwenyewe. Nimeuelekeza kwa watafiti wa malaria kwa sababu ndio wengi wanaopita kwangu. Ukanda huu una hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, pamoja na chuo na taasisi ya utafiti vilivyokua kandokando yake. Una Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Na una iliyokuwa taasisi ya viuatilifu ya Ngaramtoni, ambayo kwa miaka mingi ilipima dawa zinazotumika dhidi ya mbu. Ninaposema makala imerejelewa, nina maana kwamba makala nyingine imeitaja katika orodha yake ya marejeo. Maofisini wengi husema saitesheni, na maana ni ileile.

Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kufungua kompyuta

Chukua karatasi, andika kwa sentensi moja jambo linaloulizwa na nani analiuliza. Kamati ya vyeo hutaka kujua kama mtu huyu amefikia kiwango cha wenzake wa ngazi anayoiomba. Mfadhili hutaka kujua kama kazi ya miaka ya karibuni ina uzito. Mtu anayeandika historia ya utafiti wa malaria Tanzania hutaka kujua ni kazi zipi zilibadilisha mwelekeo. Maswali haya matatu hayajibiwi kwa namba moja, na mtu asiyeandika swali lake mapema huishia kuwapa wote watatu jumla kubwa kuliko zote alizoziona kwenye skrini.

Hatua ya pili: kusanya kazi zote za mtu huyo, na kazi zake tu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako.

Majina ya ukoo ya Kilimanjaro ni machache kuliko watu wanaoyabeba. Massawe, Mushi, Mosha, Lyimo, Temu, Swai na Kimaro hujaa katika orodha za waandishi wa makala za afya, na herufi ya kwanza ya jina haisaidii kuwatenganisha, kwa kuwa J inaweza kuwa Joseph, Jane, Jackson au Joyce. Kanzidata zinazowagawa waandishi kwa mashine hukosea kwa njia mbili zinazopingana: huwaunganisha watu wawili kuwa mmoja, au humkata mtu mmoja vipande vitatu. Niliwahi kumkabidhi mtafiti wa mbu ripoti yenye makala nne za upasuaji wa mifupa, kwa sababu yeye na daktari mmoja walishiriki jina la ukoo, herufi ya kwanza na mji. Bahati nzuri aliisoma kabla ya kuipeleka, akaniuliza kwa upole ni lini alijifunza kuunga mifupa.

Chukulia mfano wa mtafiti wa kubuni, Neema Joseph Massawe. Katika makala yake ya kwanza ameandikwa Massawe NJ. Katika ya pili, fomu ya jarida iliomba jina la mwisho naye akafuata mpangilio wa cheti cha shule, akatokea kama Joseph N. Baada ya kuolewa alitumia jina la mume kwa miaka mitano, kisha akaunganisha majina mawili kwa kistari. Mahali pengine mhariri ameandika Masawe, kwa s moja. Hapo tayari ana sura tano, na bado hatujahesabu kitu. Kwa wenzetu wa upande wa Arusha wenye majina yanayoanza na Ole, neno hilo mara huwekwa kama jina la kati na mara hushikamana na jina la ukoo, hivyo mtu huyohuyo hupatikana chini ya O na chini ya herufi nyingine.

Fanya hivi. Anza na orodha ya machapisho ya mtafiti mwenyewe, hata kama ni ya zamani. Muulize majina yote aliyowahi kuchapisha nayo, taasisi zote alizofanyia kazi na miaka yake. Tafuta kila sura ya jina ndani ya alama za kunukuu, ukiambatanisha neno malaria, Anopheles (mbu wanaoieneza) au Plasmodium (vimelea vyake), kisha rudia ukiambatanisha majina ya maeneo ya utafiti kama Moshi, Mabogini, Korogwe au Muheza. Weka kila makala unayoipata katika jedwali la Excel, mstari mmoja kwa makala moja, ukiandika mwaka, jarida, namba ya DOI (utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni), jina kama lilivyochapwa, na nafasi ya jina hilo kati ya waandishi. Namba ya DOI ndiyo itakayokuokoa na marudio: makala moja yenye vichwa viwili vinavyotofautiana kwa nukta bado ina DOI moja. Rasimu iliyowekwa mtandaoni kabla ya kuchapishwa, kama zile za medRxiv, huwa na DOI yake peke yake. Iunganishe na makala iliyochapishwa ili isihesabiwe kama kazi nyingine.

Kama mtafiti hana namba ya ORCID, mwombe aifungue leo. Huduma hiyo ilianza mwaka 2012, haina malipo, na humpa mtu namba ya tarakimu 16 ambayo ndoa haiibadilishi wala mhariri hawezi kuipunguzia s. Lakini usiifungue kwa niaba yake. Namba hiyo ni yake, na nywila iwe yake.

Kuna kazi ambazo hazitaonekana hata ukitafuta kwa jina sahihi. Matokeo ya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Korogwe na Bagamoyo, yalichapishwa kwa jina la ushirika wa majaribio hayo na si kwa orodha ya kawaida ya waandishi. Mtafiti wa Korogwe aliyeshiriki kwa miaka kadhaa ametajwa ndani kama mshiriki, na PubMed, kanzidata ya makala za tiba, ina sehemu maalumu inayohifadhi majina ya washiriki wa namna hiyo, ilhali wasifu wake wa Google Scholar unaweza usionyeshe chochote. Tafuta humo. Ukimkuta, mwandike katika jedwali lakini kwa safu ya peke yake, kwa sababu kushiriki katika kundi la mamia si sawa na kuandika makala, na kamati ina haki ya kuona tofauti hiyo.

Historia ya malaria yenyewe ina funzo kubwa hapa. Kazi ya Wachina iliyotuletea artemisinini ilichapishwa mwaka 1977 kwa jina la kikundi, bila majina ya watu. Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo, asingeonekana kabisa kwa mtu aliyetafuta jina lake juu ya makala ile.

Ripoti za zamani nazo zina mkosi wake. Mradi wa malaria wa Pare na Taveta wa miaka ya 1950, ambao ulipulizia dawa ya mbu ya dieldrini katika nyumba za watu umbali mfupi kutoka hapa nilipokaa, uliandikiwa ripoti na taasisi ya Amani. Wanaoirejelea huiandika kila mtu kwa namna yake: mmoja anataja taasisi, mwingine mwandishi, mwingine mwaka tofauti. Mashine huona ripoti kadhaa zenye rejeleo moja moja badala ya ripoti moja inayorejelewa sana. Kwa kazi za aina hii hakuna njia ya mkato. Tafuta kwa maneno ya kichwa, hesabu kwa mkono, uandike kwamba umehesabu kwa mkono.

Hatua ya tatu: chagua kanzidata, angalau mbili

Fikra ya kufuata nani amemrejelea nani, na kuifanya orodha inayotafutika, ilienezwa na Eugene Garfield, ambaye kampuni yake ya Philadelphia ilianza kutoa faharasa ya marejeo ya sayansi mwaka 1964. Kizazi cha faharasa hiyo ndicho Web of Science ya leo. Scopus na Google Scholar zilifuata mwaka 2004, na OpenAlex, ambayo ni ya bure na data zake ziko wazi kwa yeyote kupakua, ilianza mwaka 2022.

Zinatofautiana kwa sababu hazihesabu vyanzo vilevile. Web of Science na Scopus huchagua majarida ya kuingiza, hivyo rejeleo kutoka jarida lisiloingizwa halihesabiwi, na baadhi ya majarida ya Afrika yanayosomwa na waganga wetu wa wilaya huishia nje. Google Scholar huokota karibu kila kitu chenye sura ya maandishi ya kitaaluma, yakiwemo matasnifu, ripoti na vitabu, na kwa hiyo namba zake karibu kila mara huwa kubwa zaidi. Ukubwa huo una uzuri wake, kwa sababu tasnifu ya mwanafunzi wa uzamili inayotumia kazi yako ni ushawishi wa kweli. Una ubaya wake pia: nakala mbili za hati ileile zinaweza kuhesabiwa mara mbili, na mtu anaweza kuongeza katika wasifu wake makala isiyo yake kwa kubofya tu.

Mimi hutumia Google Scholar na Scopus kwa pamoja, na OpenAlex pale taasisi isipokuwa na fedha za usajili, au pale ninapotaka mtu mwingine aweze kurudia hesabu yangu bila kulipia. Scopus huruhusu mtu yeyote kuona wasifu wa mwandishi bila malipo, ingawa si kwa undani wote. Chochote utakachotumia, usichanganye namba za kanzidata mbili katika jumla moja, na andika tarehe uliyochukua namba hizo. Namba isiyo na tarehe ni kama bei ya mahindi isiyo na msimu.

Hatua ya nne: hesabu

Fahirisi ya h ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo, kisha shuka ukihesabu. Pale nafasi ya makala inapokuwa bado haijazidi idadi ya marejeleo yake, endelea. Pale inapozidi, simama. Nafasi ya mwisho kabla ya kusimama ndiyo h.

Tufanye kwa Neema wetu. Tuseme ana makala tisa, zilizorejelewa mara 412, 96, 41, 23, 17, 9, 7, 6 na 2. Makala ya sita ina marejeleo 9, inapita. Ya saba ina 7, inapita kwa kugusa. Ya nane ina 6, na 6 ni pungufu ya 8, basi tunasimama. Fahirisi yake ya h ni 7. Fahirisi ya i10 ya Google Scholar, ambayo ni idadi tu ya makala zilizorejelewa mara 10 au zaidi, ni 5. Jumla ya marejeleo yote ni 613.

Sasa tazama kinachotokea ukiiondoa makala ya kwanza, ile ya 412, ambayo tuseme ni jaribio la nchi nyingi lenye waandishi 80 na Neema akiwa wa 46. Jumla inaanguka kutoka 613 hadi 201, yaani theluthi mbili ya sifa yake yote ilikuwa katika makala moja. Fahirisi ya h inashuka kutoka 7 hadi 6 tu. Ndiyo maana fahirisi hii ilipendwa: haiyumbishwi na makala moja kubwa. Udhaifu wake umekaa palepale penye nguvu yake, kwa kuwa mtu aliyeandika makala moja iliyobadilisha matibabu ya malaria duniani, na nyingine mbili za kawaida, hawezi kamwe kuvuka 3. Katika ripoti, toa vyote viwili, jumla na h, halafu ongeza marejeleo ya makala ya katikati, ambayo kwa Neema ni 17. Msomaji akiona 613, 7 na 17 pamoja, picha ya mtafiti huyu inaanza kumjia.

Hatua ya tano: ondoa kujirejelea, lakini usimshutumu mtu

Scopus na Web of Science zina kitufe cha kuondoa marejeleo ya mtu kwa kazi zake mwenyewe. Google Scholar haina. Kujirejelea si kosa. Anayefuatilia usugu wa mbu katika vijiji vilevile vya Moshi ya chini kwa miaka 15 hana budi kurejelea takwimu zake za mwaka uliopita, kwa sababu hakuna mwingine aliyezichukua. Andika tu jumla pamoja nazo na bila ya hizo. Tofauti ikiwa ndogo, endelea. Ikiwa nusu ya jumla, fungua makala zenyewe uone sababu.

Hatua ya sita: angalia jina limekaa wapi

Katika utafiti wa afya, mwandishi wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa mwisho ndiye mkuu wa timu au aliyeleta wazo na fedha. Wa katikati huweza kuwa yeyote, kuanzia mtu aliyekesha katika vibanda vya majaribio akikusanya mbu alfajiri hadi mtu aliyesoma rasimu mara moja kwenye ndege. Utafiti wa malaria katika ukanda wetu umejengwa juu ya ubia na vyuo vya nje. Mpango wa pamoja wa malaria wa Moshi, kwa mfano, uliunganisha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), KCMC, chuo cha usafi na tiba za tropiki cha London na Chuo Kikuu cha Copenhagen. Ubia huo umeleta kazi nzuri sana. Umeleta pia orodha ndefu za waandishi ambamo majina ya Watanzania, hasa katika makala za zamani, mara nyingi hupatikana katikati.

Kwa hiyo rudia hesabu ya hatua ya nne ukitumia tu makala ambazo mtafiti ni wa kwanza, wa mwisho, au mwandishi wa mawasiliano. Soma pia vidokezo vidogo chini ya ukurasa wa kwanza, kwani waandishi wawili wa kwanza mara nyingi huandikiwa kwamba wamechangia sawa, na mashine hailioni hilo. Hesabu hii ya pili huwaumiza wengine na kuwainua wengine. Mimi huiamini kuliko ya kwanza.

Hatua ya saba: linganisha na wanaolinganika

Namba peke yake haisemi kama ni kubwa. Makala za majaribio ya tiba na chanjo hurejelewa haraka na sana; makala za tabia za mbu hurejelewa polepole na kwa miaka mingi. Ukimlinganisha mtaalamu wa mbu na daktari wa majaribio ya chanjo kwa sababu wote wawili ni wa malaria, umelinganisha kahawa na ndizi kwa sababu zote zimetoka Kibosho.

Kwa makala zilizomo PubMed, kuna chombo cha bure cha taasisi za taifa za afya za Marekani kinachoitwa iCite. Unakipa namba za PubMed za makala zako, nacho hukupa uwiano wa marejeleo wa kila makala, ukipimwa dhidi ya makala za uwanja uleule na umri uleule. Uwanja huo chombo hakiutambui kwa jina la jarida. Huutambua kwa kuangalia ni makala zipi hurejelewa sambamba na hiyo yako. Uwiano wa 1 maana yake makala imerejelewa sawa na makala ya katikati iliyofadhiliwa na taasisi hizo za Marekani. Kwa mtafiti wa Moshi hicho ni kipimo kigumu, basi usimwambie mtu aliyepata 0.8 kwamba ameshindwa.

Angalia pia umri wa kazi. Hirsch mwenyewe alipendekeza kuigawa h kwa miaka iliyopita tangu makala ya kwanza. Ukifanya hivyo, taja mapumziko yanayojulikana, kama likizo za uzazi au miaka ya kuwa mganga mkuu wa wilaya, maana miaka hiyo iko kwenye kigawanyo bila kuwa na makala.

Kitu kimoja usikifanye: usitumie wastani wa marejeleo wa jarida kumpima mtu. Kipimo hicho hugawa marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, na kilikusudiwa kuelezea jarida. Tamko la San Francisco la mwaka 2013, kuhusu tathmini ya utafiti, lilipinga matumizi yake kwa watu binafsi, lakini fomu nyingi bado zinayo safu yake. Ukilazimishwa kuijaza, ijaze, kisha weka chini yake uwiano wa makala yenyewe.

Hatua ya nane: soma waliomrejelea

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami naielewa sababu, kwa kuwa inachosha. Chukua makala tano muhimu za mtafiti. Kwa kila moja chagua makala sita zilizoirejelea, ukizichukua kwa mpangilio usiopendelea, mathalani kila ya kumi kwenye orodha. Fungua kila moja, tafuta sentensi yenye rejeleo, na uandike imetumika kufanya nini.

Utakuta makundi machache. Marejeleo mengine ni ya adabu tu: sentensi ya kwanza inasema malaria bado ni tatizo kubwa Afrika, kisha inatupa makala nne kwenye mabano. Mengine ni ya mbinu. Maabara zinazotambua aina za Plasmodium kwa PCR, kipimo cha vinasaba, hurejelea makala za Snounou na wenzake za mwaka 1993, na wanaotambua mbu kwa umbo lao chini ya darubini hurejelea Gillies na Coetzee wa 1987, kazi ambayo mizizi yake imo katika utafiti wa Gillies kule Muheza. Marejeleo ya mbinu huwa mengi kupita kiasi, na wapo wanaoyadharau. Mimi siyadharau, kwani mtu aliyewapa wengine chombo cha kazi amewashawishi kuliko aliyewapa maoni.

Kundi la thamani zaidi ni la wanaojenga juu ya matokeo au kuyapinga. Hapa kwetu mfano mzuri ni makala ya Ijumba na Lindsay ya mwaka 2001 kuhusu kitendawili cha mashamba ya mpunga. Mtu angetarajia umwagiliaji, kwa kuzalisha mbu wengi, ulete malaria zaidi; wao walionyesha kwamba katika maeneo mengi ya Afrika ambako maambukizi ni ya kudumu haikuwa hivyo, na moja ya sababu walizozijadili ni kwamba mpunga huleta kipato, na kipato huleta vyandarua na matibabu. Ukifuata nani anaijadili hoja kama hiyo unatoka nje ya maabara ya mbu na kuingia kwa watu wa kilimo, maji na uchumi. Kuvuka uwanja kwa namna hiyo hakuonekani katika fahirisi yoyote. Andika sentensi mbili juu yake na utaje makala zenyewe.

Kuna pia ushawishi uliokuwa mkubwa hadi ukaacha kurejelewa. Tarehe 20 Agosti 1897 Ronald Ross aliona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu huko Secunderabad, India, na mwaka 1902 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo anayeandika kwamba malaria huenezwa na mbu hamrejelei Ross. Mtafiti wako hatafika huko, lakini mbinu yake inaweza kuwa imeingia katika mwongozo wa maabara ya hospitali na kutumiwa kila siku bila jina lake.

Hatua ya tisa: tafuta nyayo nje ya makala

Katika malaria, rejeleo lenye matokeo makubwa mara nyingi liko katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani au wa mpango wa taifa, na hati hizo hazihesabiwi vizuri na kanzidata za makala. Jaribio la vyandarua vyenye PBO, kemikali inayoongeza nguvu ya dawa ya chandarua, lililofanyika Muleba, ambalo watafiti wa NIMR na wa KCMC walishiriki, lilichapishwa katika The Lancet mwaka 2018. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani juu ya vyandarua hivyo lilikuwa limeshatolewa mwaka 2017, baada ya matokeo kuwasilishwa kwa wataalamu wake. Kwa maneno mengine, ushawishi ulitangulia makala, na anayehesabu marejeleo peke yake angeanza kuhesabu wakati jambo lenyewe limeshafanyika. Jaribio la Misungwi lililochapishwa mwaka 2022 lilifuata njia ya kawaida zaidi: mwaka uliofuata shirika hilo likapendekeza vyandarua vyenye dawa mbili, klorofenapiri pamoja na pairethroidi.

Pakua miongozo husika, tafuta jina la mwandishi wa kwanza wa kila makala ndani ya marejeo, na uandike ukurasa. Kwa makala zilizomo PubMed, iCite pia huonyesha kama zimerejelewa na makala za kitabibu, yakiwemo majaribio na miongozo.

Hatua ya kumi: andika ripoti ya ukurasa mmoja

Usitume picha ya skrini. Andika aya inayosomeka, kwa mfano:

“Kati ya makala tisa za Dkt. Massawe, zilizothibitishwa na mwenyewe kwa namba za DOI, kwa mujibu wa kanzidata iliyotajwa na tarehe iliyotajwa, jumla ya marejeleo ni 613, fahirisi ya h ni 7, na makala ya katikati imerejelewa mara 17. Theluthi mbili ya marejeleo inatokana na jaribio moja la nchi nyingi ambamo ni mmoja wa waandishi 80. Katika makala nne alizoongoza, jumla ni 138. Makala yake ya usugu wa mbu imetumiwa na watafiti wengine kama msingi wa kulinganisha, na si kwa kutajwa tu.”

Ambatanisha jedwali lote la Excel. Kanuni za Leiden za mwaka 2015 za kupima utafiti kwa takwimu, ambazo ni kumi, zinataka anayepimwa aruhusiwe kuhakiki data na uchambuzi, na moja nyingine inataka utafiti wenye manufaa ya mahali husika ulindwe. Zote mbili zinatuhusu sana. Mpe mtafiti jedwali kabla ya kamati, siku tatu kamili, na umwombe aweke alama ya vema mbele ya kila makala iliyo yake na mkasi mbele ya isiyo yake. Akirudisha bila alama hata moja, mpigie simu, maana hajalisoma.